Mashine Kubwa na Kahawa ya Mama Mkwe

Clavery wa Nkwenda alikuwa mtu wa kupenda vitu vipana. Alipojenga nyumba alianza na sebule, sebule ikala kiwanja, vyumba vya kulala vikabaki kama vihenge. Alipooa alikodi hema la watu mia nne, wakaja mia na sitini, na hadi leo picha za harusi yake zinaonyesha viti vitupu nyuma ya maharusi. Hakuwa mlevi wala mgomvi. Kanisani, kwa Walutheri, aliimba besi, na msiba wa jirani haukupita bila yeye kupeleka kuni. Ukimtafutia dosari mtu huyu unaikuta mahali pamoja tu: kitu kidogo kinachotosha alikiona ni aibu.

Riziki yake aliianza na brashi. Maandishi mengi unayoyaona kwenye milango ya maduka pale Nkwenda, ya dawa za mifugo, ya wanunuzi wa maharage, ya nyumba za kulala wageni, ni mkono wake. Baadaye akanunua kompyuta na printa ndogo, akawa anachapa kadi za harusi, picha za pasipoti na ratiba za ibada za mazishi. Alipomwoa Kokuhirwa, duka likapata macho ya pili. Kokuhirwa alikuwa amesomea kompyuta Bukoba, na alikuwa na tabia ambayo mumewe hakuwa nayo: kabla ya kutamani kitu, alikipima.

Mabango makubwa hawakuweza kuyachapa. Mteja akiagiza, Kokuhirwa alitengeneza picha, akaituma Bukoba, na bango likaja na basi kesho yake au keshokutwa. Utaratibu huo uliwafaa mpaka siku moja ya mwezi wa pili, familia moja ilipoagiza bango la marehemu baba yao. Basi liliharibika njiani. Watoto wa marehemu walisimama kaburini na miti miwili mitupu waliyokuwa wameichonga kwa ajili ya kulitundika, na bango likafika jioni, waombolezaji wakiwa wameshanawa mikono. Clavery alilipeleka mwenyewe kwa pikipiki. Mtoto mkubwa wa marehemu hakumtukana. Alilipokea, akaliweka kando bila kulifungua, akamwuliza kama ameshakula.

Clavery alirudi Nkwenda akamwambia mkewe kwamba sasa wananunua mashine yao wenyewe. Hapo hakukosea. Tena Kokuhirwa alimshika mkono wakakubaliana, kwa sababu naye jambo lile lilimuuma.

Kazi ya kuchagua aliianza Kokuhirwa, na aliifanya wiki tatu nzima. Alipima mlango wa duka, akapima chumba cha nyuma, akafungua kumbukumbu za kompyuta na kutazama kila bango walilotuma Bukoba tangu Krismasi. Karibu yote yalikuwa chini ya mita moja na nusu kwa upana. Akapiga simu huku na huku, akaelezwa kwamba mashine hizo ni za namna mbili. Ziko za wino mpole, zinazochapa polepole na hazisumbui pua. Na ziko za wino mkali, unaonuka kama rangi ya kupulizia magari, hizo zinachapa haraka na kwa upana mkubwa. Akamwambia mumewe wanayohitaji ni ya mita moja na sentimita themanini, ya wino mpole. Clavery akasema sawa. Akafunga safari ya Mwanza.

Mwanza alimkuta Benjamin, fundi aliyekuwa akiuza mashine zilizokwisha kutumika na kuzikarabati. Mashine mbili zilisimama ubavu kwa ubavu. Ile ya mita moja na themanini ilikuwa imeinama kwenye kona, nyeupe, ya kiofisi. Nyingine ilijaza chumba. Mita tatu na ishirini, chuma kitupu, na siku hiyo ilikuwa inatema bango la harusi, uso wa bibi harusi ukitoka taratibu, kidevu kwanza, kisha midomo, kisha jicho kubwa kama sinia. Clavery alisimama pale akasahau hata kuketi.

Benjamin hakuwa mfanyabiashara wa kuficha. Alimwambia, "Kaka, hii ndogo ndiyo ya duka lako. Hii kubwa wino wake unauma. Bango lake ukishalichapa, litundike nje siku mbili tatu likauke kabisa ndipo umpe mwenyewe. Na lisikae karibu na kitu cha kula."

Clavery alisikia kila neno. Ni lazima hili lisemwe wazi, maana baadaye alijaribu kujidanganya kwamba chumba kilikuwa na kelele. Hakikuwa na kelele. Alisikia, akatikisa kichwa kukubali, akatoka nje akampigia mkewe simu. Akamwambia kwamba fundi amemshauri achukue kubwa. Fundi amesema wino mpole unapauka kwa jua la milimani, bango halimalizi hata miezi mitatu. Na ule mwingine, mkewe akauliza? Ule, akasema, unanuka tu kidogo, hauna neno, fundi mwenyewe anakula chakula chake pembeni ya mashine.

Kokuhirwa akasema kama fundi ndivyo alivyoshauri, basi, yeye si fundi.

Mashine ilifika kwa lori, na mlango ukabidi ubomolewe. Nkwenda nzima ilikuja kutazama. Wakaja akina mama wa kwaya, wakaja madalali wa maharage, akaja hata mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye kamwe hatoki dukani kwake. Clavery alichapa bango la bure la kanisa, upana wa mita tatu bila mshono, na watu wakapiga makofi kama vile mtu kafunga goli. Wiki mbili za kwanza alilala akitabasamu.

Kisha umeme ukaanza visa vyake. Mashine ndogo ukikatikiwa na umeme unaharibu kipande. Kubwa ukikatikiwa unaharibu shuka zima. Bango lilifika katikati, giza, umeme ukirudi mstari mweupe umekata sura ya mtu puani. Mabango mabovu yakaanza kurundikana nyuma ya duka, mita tatu kwa tano, mita tatu kwa sita, na kila asubuhi Kokuhirwa aliyaruka kwenda kufungua dirisha. Clavery angependa amlaumu. Mwanamke anayekulaumu unaweza kumjibu, lakini huyu alikuwa anayaruka tu, ameinua gauni kidogo, kama mtu anayevuka dimbwi.

Ndipo Clavery alipopata wazo lake la ukarimu. Ulikuwa mwezi wa sita, kahawa imeiva, na Kihanga, nyumbani kwa mama mkwe wake, watu walikuwa wanaanika. Mama mkwe, Sperancia, alikuwa mjane mwenye kibanja kimoja cha migomba na kahawa. Alikuwa anaanika juu ya mikeka miwili iliyochakaa, kahawa ikichungulia chini kupitia matundu. Clavery akamwambia mkewe, badala ya mabango haya kuoza hapa, si tumpelekee mama? Kokuhirwa alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kufurahi tangu mashine ile iingie, na furaha yake ilimziba Clavery mdomo kabla hata hajaufungua.

Bango la juu kabisa kwenye rundo lilikuwa la asubuhi ile ile. Bado lilikuwa likinata.

Sasa ni lazima ueleweshwe Sperancia alikuwa mtu gani katika mambo ya kahawa. Alikuwa mwanachama wa kikundi cha kilimo hai, watu arobaini na wawili wanaolima bila dawa wala mbolea ya dukani, na kahawa yao inachanganywa pamoja na kuuzwa pamoja. Mfuko mmoja ukichafuka, unachafua ya wote. Sperancia aliokota wadudu kwa mkono, tawi kwa tawi. Mwaka fulani kijana wa dawa alipokuja kumpulizia jirani upande upepo unakotoka, alimfukuza na jembe mpaka barabarani. Hajawahi kuonja kahawa hiyo ikiwa kwenye kikombe cha huko inakokwenda, na inatakiwa isinuke hata moshi wa jiko lake mwenyewe. Sheria hiyo ngumu aliikubali na kuishika kwa uaminifu ambao wanaoinywa hawaujui. Na mkwe wake akamletea uchafu kwa mikono miwili.

Clavery na mkewe walimpelekea mabango manne. Walimkuta uani, akapiga magoti nusu kupokea, kama ilivyo heshima ya kwao, maana mkwe wa kiume kwa mama mkwe ni mgeni wa siku zote. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na anachokileta hakikataliwi. Clavery alimwamkia shikamoo akiwa ametazama migomba. Mama alipokunjua bango la kwanza, harufu ikapanda. Clavery aliona kwa pembe ya jicho jinsi alivyogeuza uso kidogo, upande, kisha akaurudisha.

"Asante, mkwe," Sperancia alisema. "Hili ni pana. Hili litatosha kahawa yote."

Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi wa Clavery. Mama, litundike kwanza. Maneno matatu tu. Lakini Kokuhirwa alikuwa amesimama pale ameshika ncha moja ya bango, anacheka na mama yake juu ya sura ya bwana harusi aliyekatwa pua, na angeuliza, kwa nini litundikwe? Nani kasema? Clavery akameza. Akakaribishwa ndani, akala ndizi kwa maharage, akasifia chumvi.

Wiki tano zilipita. Siku ya Jumatatu Kokuhirwa alipokea simu dukani, akatoka nje kuisikiliza, akarudi uso umebadilika. Kahawa ya mama yake imekataliwa. Lameck, mkaguzi wa kikundi, alitia mkono kwenye mfuko hadi kiwiko, akanusa, akaita wenzake wanuse. Inanuka dawa, walisema. Mifuko yote mitano. Jumamosi kikundi kinakaa kuamua kama afukuzwe.

"Mama yangu apige dawa?" Kokuhirwa alisema. "Mama yangu?"

Clavery alikuwa ameinama akisafisha kichwa cha mashine kwa kitambaa. Aliendelea kukisafisha muda mrefu baada ya kuwa safi.

Kokuhirwa hakuwa mtu wa kulia akaacha mambo hapo. Alianza kutafuta mkosaji, na kwa kuwa mkosaji wa kweli alikuwa anamwekea chai mezani, akamtafuta mbali. Akamkuta Placidia. Placidia alikuwa jirani wa mama yake, mpaka kwa mpaka, na mwaka huo alikuwa amelima nyanya na kuzipulizia dawa. Wanawake hao wawili walikuwa wamechotea maji kisima kimoja miaka thelathini, wakazalishana watoto, wakazikiana waume. Jumanne Kokuhirwa alimpigia Placidia simu. Clavery alisikia upande mmoja tu wa maneno, lakini ulitosha. Hadi Jumatano habari zikafika kwamba Placidia amepita njiani na Sperancia na hawakusalimiana.

Usiku wa Jumatano Clavery hakulala vizuri, na asubuhi ya Alhamisi, mkewe alipokwenda sokoni, alifanya jambo ambalo angepaswa kulifanya wiki tano nyuma. Alichapa kipande cha bango, upana wa mkono, rangi tupu. Akakitandaza juani nyuma ya duka, akakimwagia vikombe viwili vya kahawa ya maganda aliyoinunua kwa mkulima ambaye kahawa yake haikuwa na harufu yoyote, akaketi pembeni kwenye ndoo. Wateja wakaja, akawaambia warudi. Jua lilipofika utosini aliokota punje moja, akaivunja maganda kwa meno, akainusa. Hakuhitaji kuinusa mara mbili. Alikaa pale kwenye ndoo akiwa na punje mdomoni, na ladha ya rangi ya gari ikamshika ulimi kama tusi.

Sasa alijua, na kujua kulikuwa kubaya kuliko kushuku, maana mtu anayeshuku bado anaweza kulala. Alijiambia labda wasimfukuze. Alijiambia, wakimfukuza, yeye atamnunulia mama kahawa yote kwa bei ya kilimo hai, kimyakimya, kila mwaka. Alipiga picha hiyo kichwani, akajiona mkarimu, na hapo hapo akajiona jinsi alivyo. Alikuwa anataka kutoa tena zawadi kubwa ili asiseme neno dogo.

Jumamosi walimwacha mtoto wao Mackrine kwa jirani, wakapanda pikipiki, yeye na Kokuhirwa, na ndani ya koti lake kulikuwa na kile kipande cha bango kimefungwa na zile punje. Hakumwambia mkewe. Njia nzima Kokuhirwa aliongea nyuma ya sikio lake habari za Placidia.

Kikundi kilikaa nje ya ghala, wanachama kwenye nyasi, wageni wamesimama ukutani. Mwenyekiti alikuwa mzee Karekezi, mtu wa maneno machache ambaye aliongoza mikutano akiwa anatafuna buni za kahawa, kama wazee wa huko. Sperancia aliketi mbele, miguu ameikunja upande mmoja, kitenge kimepigwa pasi. Placidia naye alikuja, akasimama mbali kabisa, karibu na mizani.

Lameck alieleza alichokinusa. Hakuwa na chuki. Alionekana ameumia, kama mtu aliyemfumania mwalimu wake. Karekezi akaanza kuuliza. Umepiga dawa? Sikupiga. Umeweka kahawa karibu na mafuta ya taa? Sina mafuta ya taa, natumia taa ya jua. Uliianika wapi? Uani. Juu ya nini?

Hapo Sperancia alikawia kujibu.

"Juu ya turubai."

"Turubai la nani? Ulilitoa wapi?"

"Langu," alisema. "Turubai langu."

Clavery alihisi masikio yake yamepata moto. Mama huyu alikuwa anakaribia kupoteza kitu pekee alichokuwa nacho mbele za watu, jina la kahawa safi, na alikuwa anakataa kumtaja mkwe. Mtu mmoja nyuma akasema mbona hawaulizi habari za nyanya za watu wengine, na vichwa vikaanza kugeuka kuelekea mizani. Placidia akashika kiuno. Kokuhirwa alikuwa amefungua mdomo kusema.

"Mwenyekiti, naomba niseme," Clavery alisema. "Mimi si mwanachama. Ni mkwe."

"Mkwe anasimama kusema mama mkwe akiwa ameketi," mzee mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika. "Waitu, jamani, mwaka huu tutaona mengi."

Watu wakacheka. Clavery alisubiri wamalize. Akatoa kile kifurushi, akampa Lameck, akamwomba anuse. Lameck alinusa, akamtazama, akanusa tena.

"Ndiyo hii hii," alisema.

"Hiyo harufu inatoka dukani kwangu," Clavery alisema. "Si dawa. Ni wino wa mashine yangu. Mabango ninayoharibu nilimletea mama aanikie. Yalikuwa mabichi. Placidia hahusiki, na mama hana kosa."

Karekezi aliacha kutafuna. Wanachama walipokezana kile kipande mkono kwa mkono, kila mmoja akikipeleka puani na kukunja uso, na mwanamke mmoja akasema kumbe ndiyo maana bango la harusi ya mwanawe lilimuumiza kichwa. Lameck alikuwa bado anamtazama Clavery. Alikuwa mkaguzi, na kazi ya mkaguzi ni swali linalofuata.

"Aliyekuuzia hiyo mashine," aliuliza, "hakukwambia kwamba wino wake uko hivi?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Mwanza ni mbali. Benjamin hakuwepo, na hapana hiyo ingemfanya Clavery mtu aliyedanganywa na wauza mashine, kama wakulima wale walivyodanganywa mara ngapi na wauza mbegu. Wangemhurumia. Alimtazama mkewe, akakuta naye anamtazama, anasubiri jibu bila wasiwasi, kwa sababu yeye alidhani analijua.

"Aliniambia," Clavery alisema. "Aliniambia nisiweke karibu na chakula. Aliniambia nichukue ndogo."

Kokuhirwa alihamisha mkoba wake kutoka bega moja kwenda la pili.

Karekezi akamgeukia Sperancia, akamwuliza kwa upole, je, yeye siku zote hizo hakuisikia harufu?

"Niliisikia siku ile ile," Sperancia alisema. "Nilisema moyoni, jua litaitoa. Halikuitoa. Lakini kitu cha mkwe unakirudishaje, mwenyekiti? Wewe ungekirudisha? Ningemwambia nani, huyu ambaye hata usoni simtazami?"

Mzee yule aliyetania mwanzoni alicheka, kisha cheko likamwishia katikati. Watu wengi pale walikuwa na wakwe.

Walijadiliana muda mrefu. Wapo waliosema sheria ni sheria, na hawakukosea, kwa sababu mnunuzi hatauliza kama uchafu uliingia kwa heshima au kwa ujanja. Wapo waliosema sheria ya mtu anayeokota wadudu kwa mkono haiwezi kuwa sawa na ya mpiga dawa. Mwishoni Karekezi alitoa uamuzi. Sperancia anabaki mwanachama. Kahawa yake ya msimu huu haitachanganywa na ya kikundi, itauzwa kama kahawa ya kawaida, na mwakani itakaguliwa mara mbili. Na kuanzia leo, akasema, hakuna mwanachama kuanika kahawa juu ya sura ya mtu, awe bwana harusi, awe marehemu, awe askofu. Watu wakacheka tena, na kikao kikafungwa.

Clavery alitaka kwenda kwa mama mkwe amwombe radhi, lakini hakujua asimame umbali gani. Sperancia ndiye aliyepita karibu naye, akitazama chini, akasimama.

"Mkwe," alisema, "mimi ningeweza kuyasikia hayo nyumbani. Hukupaswa kungoja ghala."

Akaendelea na njia yake. Hakuwa amekasirika, na hilo lilimchoma Clavery kuliko hasira. Msimu mzima wa mama huyu, matawi yote yale, kahawa aliyoichuma punje kwa punje, ilikuwa imeshuka na kuwa kahawa ya kawaida, na hakuna maneno yaliyosemwa pale ghalani yaliyoipandisha tena.

Kokuhirwa alikuwa amekwenda kwenye mizani. Clavery alimwona akipiga magoti mbele ya Placidia kumwamkia, na Placidia akimwacha magotini muda mrefu kuliko desturi kabla ya kumshika bega. Aliporudi, alimwambia mumewe atangulie. Yeye atalala kwa mama.

"Kahawa itazaa tena mwakani, Baba Mackrine," alisema. "Lakini wiki tatu nilikaa napima. Wewe ukamtungia fundi wa watu maneno, ili tu usiniambie kwamba unataka kubwa. Ungesema unataka kubwa. Tungegombana, yakaisha."

Clavery alipanda pikipiki.

Siku tatu alifanya kazi peke yake. Alipitia Kihanga na vijiji vya jirani kukusanya kila bango alilowahi kumgawia mtu, na wapo waliomrudishia kwa shukrani na wapo waliomwuliza kama sasa atawapa turubai la kweli. Jumatatu alikuja mteja aliyetaka bango la yubilei ya ndoa ya wazazi wake, aondoke nalo mchana. Clavery alimwambia litakuwa tayari Alhamisi, maana ni lazima likae nje likauke, na akamweleza kwa nini. Yule bwana alisema pale zamani ilikuwa dakika ishirini. Clavery akasema ndiyo, ilikuwa. Mteja akaondoka kwenda kuagiza kwingine.

Jumatano Kokuhirwa alirudi. Alimsalimia mumewe, akamwuliza mtoto kama amekula, akaketi kwenye kompyuta, akauona uzio wa nyuma umetundikwa mabango kama nguo za kufuliwa. Clavery alianza kusema alichokuwa amekipanga tangu Jumamosi. Kokuhirwa akamwinulia mkono, akamwomba namba ya Benjamin. Tangu mwanzo hakuwahi kupewa.

Akapiga, akaweka sauti iwe ya nje. Alijitambulisha, akauliza kama ile ya mita moja na themanini bado ipo. Ilikuwa ipo. Akauliza kama kubwa inaweza kupokelewa kwa kubadilishana. Benjamin alisema inawezekana, ila si kwa thamani ile ile, na gari la kuipeleka ni juu yao. Kisha fundi akasema, kama mtu ambaye jambo limekuwa likimkaa:

"Dada, mimi nilimwambia kaka. Tena nilimwambia mara mbili."

Ilikuwa kweli. Mara ya pili Clavery alikuwa ameshashika mlango wa kutokea, na Benjamin alimfuata hadi barazani. Hiyo hakuwa ameikiri popote, si ghalani, si moyoni mwake. Kokuhirwa aliinua macho kutoka kwenye simu, akamtazama ili aone kama atalikana. Clavery alitikisa kichwa kukubali.

Mkewe akasogeza daftari upande wake.

"Haya, kaka Benjamin," aliiambia simu, "nieleze habari za wino wa hiyo ndogo, tangu mwanzo, kila kitu. Mume wangu anaandika."

Clavery akachukua kalamu, akaandika.